Cheti cha usajili si cheti cha ndoa

Kesi iliyozua kelele nyingi kuliko zote kuhusu wapenzi wa jinsia moja nchini Kenya ilianza na ombi la kuhifadhi jina. Wakili Eric Gitari alitaka kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, akapeleka majina kadhaa kwa Bodi ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Serikali. Bodi iliyakataa yote, na mwaka 2013 ikamwandikia kwamba sheria ya jinai inaharamisha mahusiano ya aina hiyo. Gitari akaenda mahakamani. Aprili 2015 majaji watatu wa Mahakama Kuu, Isaac Lenaola, Mumbi Ngugi na George Odunga, wakampa ushindi. Bodi ikakata rufaa, ikashindwa Machi 2019 kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 24 Februari 2023 ikashindwa tena, watatu dhidi ya wawili.

Miaka kumi, ngazi tatu za mahakama, majaji 13, na kilichogombaniwa ni karatasi moja ya usajili.

Lakini kwa waliosikiliza mimbari, redio na makundi ya WhatsApp wiki ile, ilikuwa kana kwamba Kenya imehalalisha ndoa za jinsia moja. Wanasiasa walishindana kulaani. Mbunge wa Homa Bay Town, George Peter Kaluma, aliiomba Mahakama ya Juu iutazame upya uamuzi wake. Ombi hilo lilipotupwa mwezi Septemba mwaka huo, hasira zilipanda upya. Kaluma pia aliandaa mswada wa kulinda familia wenye adhabu kali kuliko zilizopo. Katika kelele hizo zote, sentensi moja ilirudiwa hadi ikawa kama ushahidi unaojitosheleza: hawa wanaharakati sasa wamevuka mipaka.

Sentensi hiyo inastahili kupimwa kwa uzito wake. Wanaoisema si wajinga wala si wote wana chuki. Wengi ni wazazi wenye hofu ya kweli na waumini wanaosema walichofundishwa, na wamo pia raia waliochoka kuambiwa na wageni la kufanya. Kipimo cha haki ni kutazama wanaharakati wameomba nini hasa, kwa maandishi, mbele ya nani. Majalada ya mahakama yapo wazi. Tuyafungue.

La kwanza ni hilo la usajili. Majaji waliokuwa wengi katika Mahakama ya Juu, Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Njoki Ndung'u, walisema Ibara ya 36 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kujiunga na wenzake, na kwamba kumnyima mtu uhuru huo kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi ni ubaguzi. Wakasema pia jambo ambalo mimbari hazikulirudia: vifungu vya sheria ya jinai vingalipo, na yeyote atakayevivunja, awe shoga au asiwe, atakabiliwa na mkono wa sheria. Hawakugusa ndoa hata kidogo. Wasingeweza, kwa sababu Ibara ya 45 ya Katiba hiyo hiyo inasema mtu mzima ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti.

Jalada la pili lilitoka Ukunda, kaunti ya Kwale. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa kwa tuhuma za ushoga. Hakukuwa na mlalamikaji aliyesema amedhulumiwa. Walipelekwa hospitali ya umma Mombasa, wakapimwa damu, kisha wakachunguzwa sehemu ya haja kubwa ili mwili wenyewe utoe ushahidi dhidi ya mwenye mwili. Mahakama Kuu ya Mombasa haikuona kosa katika hilo. Mwaka uliofuata uamuzi huo, chama cha madaktari wa Kenya kiliwataka wanachama wake waachane na vipimo vya namna hiyo, na Machi 2018 Mahakama ya Rufaa ikasema vilivunja Katiba. Wanaharakati waliobeba kesi hiyo waliomba kitu gani? Kwamba daktari asigeuzwe askari, na kwamba mtu asivuliwe nguo kwa lazima kwa sababu ya uvumi. Mkuki kwa nguruwe mtamu: wengi wanaokubali kipimo hicho kwa mwingine wasingekistahimili kwa mtoto wao hata akiwa ameshitakiwa kwa mauaji.

Jalada la tatu ni la Audrey Mbugua, aliyezaliwa akaitwa mwanamume na sasa anaishi kama mwanamke. Alilitaka Baraza la Mitihani la Kenya libadili jina kwenye cheti chake cha kidato cha nne, kwa sababu kila alipokipeleka kuomba kazi, cheti kilisema mtu mmoja na aliyesimama mbele ya mwajiri alionekana kuwa mwingine. Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliamuru apewe cheti chenye jina lake la sasa, bila alama ya jinsia. Alama zake za mtihani hazikubadilika, wala hakuna mtahiniwa mwingine aliyepoteza kitu.

Jina, mwili na cheti. Ukiyaweka madai haya matatu mezani, ni vigumu kuonyesha ni lipi linalompunguzia jirani chochote.

Liko jalada la nne, na hapa wapinzani wana hoja nzito zaidi. Wanaharakati waliiomba Mahakama Kuu ifute vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya jinai, vinavyotoa kifungo cha hadi miaka 14 na miaka 5. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu walikataa. Moja ya sababu zao ilikuwa kwamba kuruhusu watu wa jinsia moja waishi kama wapenzi kungefungua mlango wa nyuma kuelekea kile ambacho Ibara ya 45 imekifunga. Kwa lugha ya mtaani: ukimpa shubiri atataka pima.

Hoja hii isidharauliwe, kwa kuwa Afrika ina mfano wake. Afrika Kusini iliandika ulinzi wa mwelekeo wa kimapenzi katika Katiba yake ya 1996. Mwaka 1998 mahakama yake ya katiba ilifuta kosa la ulawiti kati ya watu wazima walioridhiana, na mwaka 2006 bunge likapitisha ndoa. Miaka minane ilitosha kutoka hatua moja hadi nyingine. Anayesema ngazi hiyo haipo anadanganya.

Lakini ngazi haimlazimishi mtu kupanda. Msumbiji ilitoa kosa hilo katika sheria yake mpya ya jinai mwaka 2015, na hadi leo hakuna ndoa ya jinsia moja huko. Botswana ilifanya hivyo kupitia mahakama mwaka 2019, serikali ikakata rufaa, na Novemba 2021 ikashindwa. Familia za Gaborone hazikuvunjika kwa hukumu ile. Kila nchi husimama kwenye kipandio inachokichagua kupitia bunge, mahakama na kura. Huwezi kumfunga mtu miaka 14 kwa kitu alichofanya chumbani kwake, kwa hofu ya kitu ambacho mtu mwingine huenda akakiomba bungeni baada ya miaka ishirini.

Na tukitaja vifungu hivyo vya 162 na 165, tukumbuke vilikotoka, kwa kuwa tunaambiwa kila siku kwamba ndivyo vinavyolinda mila zetu. Lugha ya tendo lililo kinyume cha maumbile haikutungwa na wazee wa kaya wala makadhi. Ililetwa na Waingereza, kwanza kupitia sheria ya jinai ya India waliyoitumia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, kisha katika sheria ya jinai ya mwaka 1930. Uingereza yenyewe iliacha kuwafunga watu wazima walioridhiana faraghani mwaka 1967, kwa kuanzia na England na Wales. India iliukata mzizi wa sheria hiyo mwaka 2018. Tanzania ilikwenda upande wa pili: adhabu waliyoiacha wakoloni imepandishwa hadi kifungo cha maisha, na kiwango cha chini ni miaka 30. Mtu anaweza kuupinga ushoga kwa mujibu wa dini yake, na hilo linaeleweka. Lakini akidai kwamba sheria ya mkoloni ndiyo urithi wa mababu, historia inamkana.

Hofu ya wazazi kuhusu watoto nayo ina uzito wake. Mtoto analindwa na sheria nyingine kabisa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006 inamwadhibu anayemnajisi mtoto wa kike au wa kiume, awe mwanamume au mwanamke, na ridhaa ya aliye chini ya miaka 18 haihesabiki. Hakuna jalada hata moja kati ya niliyoyataja lililoomba sheria hiyo ilegezwe. Mzazi anayetaka ulinzi zaidi kwa mtoto wake ana haki ya kuuliza kwa nini kesi za unajisi zinakaa mahakamani muda mrefu, na kwa nini mashahidi hununuliwa au familia hukaa chini zikayamaliza nyumbani. Anayewatupia mashoga lawama yote ya unajisi anampa mnajisi wa kawaida, yule anayefahamika na familia, mahali pa kujificha.

Je, basi wanaharakati hawajawahi kuvuka mipaka popote? Wamewahi, na wanaowatetea wakikataa kukiri hilo wanaipunguzia hoja yao heshima.

Desemba 1989 jijini New York, wakati ukimwi ukiua watu kwa maelfu, wanaharakati waliandamana dhidi ya msimamo wa Kanisa Katoliki kuhusu kondomu. Maelfu walibaki nje ya kanisa kuu la Mtakatifu Patrick, na hiyo ilikuwa haki yao. Baadhi waliingia ndani na kuvuruga ibada ya misa, na mmoja akaivunja hostia na kuitupa chini. Uchungu wao ulikuwa wa kweli. Marafiki zao walikuwa wakizikwa kila wiki. Hata hivyo muumini aliyepiga magoti pale hakuwa ameua mtu, na ibada yake ilikuwa mali yake kama ulivyo mwili wa yule aliyepimwa Mombasa.

Mfano wa pili unatoka Belfast. Mwaka 2014 mteja mmoja aliagiza keki yenye maneno ya kuunga mkono ndoa za jinsia moja. Wenye duka la mikate, Wakristo wa msimamo mkali, wakakataa kuandika maneno hayo. Mahakama mbili ziliamua kwamba walibagua. Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikawapa ushindi kwa kauli moja: hawakumkataa mteja kwa jinsi alivyo, walikataa kuandika ujumbe ambao wangekataa kumwandikia mteja yeyote. Peter Tatchell, mwanaharakati mkongwe wa haki za mashoga ambaye mwaka 1998 alipanda mimbarini Canterbury na kumkatiza Askofu Mkuu siku ya Pasaka, alikuwa amekwisha kubadili msimamo wake na kuwatetea wenye duka kabla ya hukumu hiyo.

Hapo ndipo ulipo mpaka ninaouona mimi. Harakati ya haki inaposema usinifukuze kazi, usinipige, usinipime kwa nguvu, usininyime usajili, inaomba kile ambacho kila raia anacho. Inapomwambia mwenzake tamka ninachoamini, andika ninachotaka, badili sala yako, imetoka kwenye haki na kuingia kwenye dhamiri ya mtu mwingine. Haki haihitaji idhini ya moyo. Sheikh anaweza kubaki na fatwa yake na askofu na waraka wake, na bado shirika lipate cheti chake na mgonjwa apate dawa.

Kosa jingine la kuvuka mipaka limefanywa na serikali za nje kwa jina la wanaharakati. Oktoba 2011 David Cameron, waziri mkuu wa Uingereza, alisema nchi zinazowabagua mashoga zinaweza kupunguziwa misaada. Tanzania ilijibu kwa ukali kupitia waziri wake wa mambo ya nje wakati huo, Bernard Membe. Jibu hilo lilitangazwa sana. Kilichotangazwa kidogo ni kwamba makumi ya mashirika ya wanaharakati wa Kiafrika, yakiwemo yanayotetea mashoga, yalitoa tamko mwezi ule ule kuupinga mpango wa Cameron. Walisema misaada ikikatwa, watakaolaumiwa kwa kliniki zisizo na dawa ni wao wenyewe, na kwamba haki haiwezi kununuliwa kwa vitisho. Walioishi na matokeo waliona mbali kuliko waliotoa hotuba. Wanaosema mashoga wa Afrika ni vibaraka wa wazungu wangelisoma tamko hilo, maneno yangewakauka mdomoni.

Na ushawishi wa nje hauna upande mmoja. Machi 2009 mhubiri wa Marekani Scott Lively alitua Kampala kufundisha semina dhidi ya ushoga. Oktoba mwaka huo mbunge David Bahati akawasilisha mswada ambao hapo mwanzo ulikuwa na adhabu ya kifo. Sheria iliyotokana nao ilifutwa Agosti 2014 kwa kuwa bunge liliipitisha bila akidi. Ikiwa kuchukua mawazo na fedha kwa mgeni ni dhambi, basi ihesabiwe kwa wote wawili.

Sasa tugeuze kipimo kile kile upande wa pili. Mwezi Mei 2023 Rais Museveni wa Uganda alitia saini sheria mpya dhidi ya ushoga. Ina kifungo cha maisha, ina adhabu ya kifo kwa makosa iliyoyaita mazito zaidi, na anayepatikana na hatia ya kueneza ushoga anaweza kufungwa hadi miaka 20. Iliwataka watu wawaripoti wenzao polisi, na ikamtia hatiani mwenye nyumba anayepangisha akijua. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliviondoa vifungu hivyo vya kuripoti na kupangisha, ikaacha karibu vyote vilivyobaki. Hata mahakama iliyoikubali sheria ile iliona kwamba haiwezekani kumgeuza kila mama mwenye nyumba kuwa mpelelezi wa wapangaji wake. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma: Benki ya Dunia ilisimamisha mikopo mipya kwa Uganda Agosti 2023, na aliyeumia si mbunge aliyepiga kura.

Nchini Tanzania, mwaka 2017, serikali ilizuia vituo 40 kutoa huduma za ukimwi kwa makundi yaliyo katika hatari zaidi, kwa hoja kwamba vinahamasisha ushoga. Oktoba mwaka huo watu walikutana hotelini Dar es Salaam kujadiliana jinsi ya kwenda mahakamani juu ya hatua kama hizo. Polisi wakavamia, wakakamata 13, wakiwemo mawakili. Mwaka mmoja baadaye mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwaita wananchi wampelekee majina ya mashoga, hadi serikali kuu ilipojitokeza kusema huo si msimamo wake. Virusi havisomi sheria wala havibagui ndoa. Mwanaume anayeogopa kwenda kliniki mara nyingi ana mke nyumbani.

Kenya nako, Februari 2010 umati wa watu Mtwapa ulikivamia kituo cha utafiti wa afya kwa uvumi kwamba kuna harusi ya wanaume wawili. Harusi haikuwepo. Waliopigwa walikuwepo.

Ukizilinganisha orodha hizi mbili, jibu la swali letu halina utata kwa Afrika Mashariki. Upande mmoja umeomba jina, mwili, cheti na kutofungwa jela, ukaomba kwa hati za kiapo na mawakili, na uliposhindwa mwaka 2019 ukakata rufaa. Upande wa pili umeomba kitanzi, umevamia kliniki, umekamata mawakili waliokuwa wakiandaa kesi, na uliposhindwa kortini ukataka uamuzi wenyewe ufutwe. Waliovuka mipaka huku kwetu si wale waliosimama kizimbani.

Hili halimtaki msomaji abadili imani yake. Jaji Mohammed Ibrahim na Jaji William Ouko walipingana na wenzao mwaka 2023, wakaandika sababu zao kwa heshima, na kupingana kwa namna hiyo ni sehemu ya nchi inayotawaliwa kwa sheria. Mwenye kuona kwamba uamuzi ni mbovu anaweza kuandika, kuhubiri, kuandamana kwa amani, au kukusanya saini za kubadili Katiba. Zote hizo ni njia halali, na nyingi zimelindwa na sura ile ile ya Katiba, Sura ya Nne, iliyompa Gitari ushindi wake. Ibara ya 36 aliyoisimamia Gitari inafuatana na Ibara ya 37, inayomruhusu mwandamanaji aliyempinga kupita barabarani na bango lake.

Kwa hiyo, mtu akikuambia kwamba wanaharakati hawa wamevuka mipaka, muulize jambo moja kabla ya kumkubalia au kumkatalia: ni dai lipi, katika jalada lipi, na linakunyang'anya wewe nini? Akilitaja, lijadilini kwa hoja. Asipolitaja, basi anayeomba zaidi ya haki yake ni yeye.